W.O. Bentley, fundi aliyekataa injini isukumiwe hewa

Msikilizaji, neno tabo si geni kwako. Lori likipanda mlima na mzigo, ule mluzi unaousikia ni wa tabo inayoisukumia injini hewa. Leo tunakuletea maisha ya fundi mkubwa wa magari ya mashindano aliyepinga jambo hilo. Ni Walter Owen Bentley, Mwingereza aliyezoeleka kwa jina la W.O.

Kwanza tuelewane. Injini huchoma petroli ikichanganyika na hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe pistoni inaposhuka, kama mtu anavyovuta pumzi. Ukitaka nguvu zaidi, njia ni mbili: utengeneze injini kubwa zaidi, au uisukumie hewa, kama mhunzi anavyochochea moto kwa mvukuto. Tabo ya leo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Enzi za Bentley, magari mengi ya mashindano yalitumia pampu ya hewa iliyozungushwa na injini yenyewe.

Bentley alizaliwa London mwaka 1888, kitinda mimba wa watoto tisa. Akiwa na miaka 16 alikwenda Doncaster kujifunza ufundi katika karakana ya treni. Baadaye, yeye na kaka yake waliuza magari ya Kifaransa. Siku moja, akiwa kiwandani Ufaransa, aliona kipande cha aluminiamu kilichotumika kuzuia karatasi mezani. Akawaza: kwa nini pistoni zisitengenezwe kwa madini haya mepesi? Zikatengenezwa, na magari yake yakaongeza mwendo. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia alitumia ujuzi huo kuunda injini za ndege za kivita.

Mwaka 1919 alianzisha kampuni yenye jina lake. Magari yake yakapata sifa Le Mans, Ufaransa, kwenye mashindano ya kukimbia saa 24, mchana na usiku. Pale mwendo peke yake hautoshi. Lazima gari lifike asubuhi likiwa zima. Bentley walishinda mwaka 1924, kisha 1927, 1928 na 1929.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Dereva wake hodari, Tim Birkin, aliona wapinzani wanakaribia. Akataka injini ya lita 4.5 ifungwe pampu ya hewa. Bentley alikataa. Kwake yeye, kuongeza nguvu kwa njia hiyo kulikuwa kuharibu injini nzuri: joto linapanda, petroli inaliwa sana, vyuma vinachoka. Heri kuongeza ukubwa wa injini.

Lakini kampuni haikuwa tena mikononi mwake. Ilikuwa na uhaba wa fedha, na tajiri Woolf Barnato alikuwa ameshika hisa nyingi. Barnato akakubaliana na Birkin. Mama mmoja tajiri, Dorothy Paget, akatoa fedha za timu. Nguvu za gari la mashindano zikapanda kutoka farasi 130 hivi hadi 240. Kanuni zikadai pia magari 50 ya aina hiyo yatengenezwe kwa ajili ya kuuzwa, gharama nzito kwa kampuni iliyoyumba.

Mwezi Juni 1930 ubishi ukaamuliwa barabarani. Birkin alilifukuza gari la Mercedes la Mjerumani Rudolf Caracciola, nalo likiwa na pampu. Akalipita huku tairi lake likichanika. Usiku Mercedes ikaharibika. Magari ya Birkin nayo yakafa kabla ya kumaliza. Aliyeshinda ni Barnato mwenyewe, pamoja na Glen Kidston, kwa gari la lita 6.5 linalovuta hewa lenyewe. La pili lilikuwa pacha wake.

Bentley alikuwa sahihi, lakini usahihi haukulipa madeni. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na wanunuzi wa magari ya bei kubwa wakapungua. Mwaka 1931 kampuni ikafilisika, ikanunuliwa na Rolls-Royce. Jina lake likawa mali ya wengine. Mwaka 1935 akahamia Lagonda, akaunda injini ya silinda 12 isiyo na pampu. Magari hayo yalishika nafasi ya tatu na ya nne Le Mans mwaka 1939. Alifariki Agosti 1971, akiwa na miaka 82.

Je, tabo ni mbaya? Hapana. Vyuma, oili na njia za kupoza injini vimeboreka mno tangu wakati ule. Mwaka 2003 gari la Bentley lilishinda tena Le Mans, mara ya kwanza tangu 1930, na injini yake ilikuwa na tabo. Hata hivyo, hoja ya mzee huyo bado inasimama: hewa ya kusukumwa huleta nguvu, na huleta joto pia. Ndiyo maana dereva makini, akitoka kupanda mlima na mzigo, huiacha injini ingurume taratibu kidogo kabla ya kuizima.