Rudolf Diesel: Mhandisi aliyepiga vita upotevu wa mafuta

JINA lake hutajwa kila siku katika vituo vya mafuta, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba Diesel alikuwa mtu, tena mhandisi aliyefikwa na mauti katika mazingira ya kutatanisha.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858, kwa wazazi Wajerumani. Vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia mwaka 1870, familia yake ilihamia London, naye akapelekwa Augsburg kusoma.

Baadaye, akiwa mwanafunzi wa Profesa Carl von Linde mjini Munich, alijifunza kuwa injini za mvuke zilipoteza takriban asilimia 90 ya nishati ya makaa ya mawe. Akaazimia kuukomesha upotevu huo. Mwaka 1892 aliomba hataza ya injini inayoshindilia hewa hadi ipate joto la kuyawasha mafuta bila cheche.

Jaribio la kwanza, Agosti 1893, liliishia kwa mlipuko uliovunja kifaa cha kupimia. Hakukata tamaa. Februari 1897, injini yake ilipimwa na Profesa Moritz Schröter, ikageuza asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Hata hivyo, ushindi huo ulibeba mtihani mzito. Joto kali linalopunguza matumizi ya mafuta ndilo pia linalounganisha naitrojeni na oksijeni ya hewani, zikazaa oksidi za naitrojeni zinazodhuru mapafu. Fundi akirekebisha injini ili mafuta yachelewe kuingia kwenye silinda, gesi hizo hupungua, lakini masizi na ulaji wa mafuta huongezeka. Akiongeza mafuta kuliko hewa iliyopo ili apate nguvu zaidi, bomba hutema moshi mweusi.

Diesel hakuishi kuyashuhudia hayo yakiwa balaa la miji. Akiwa amezongwa na madeni, alitoweka usiku wa Septemba 29, 1913, ndani ya meli Dresden iliyotoka Antwerp kwenda Uingereza. Maiti iliokotwa baharini siku chache baadaye, na mwanawe akavitambua vitu vilivyokutwa nayo.

Mwaka 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani. Mwaka 2015, Volkswagen ilikiri kuwa magari takriban milioni 11 yaliwekewa programu ya udanganyifu. Katika magari hayo, injini ilijirekebisha ilipopimwa, kisha barabarani ikamwaga gesi chafu kupita kiwango.

Injini ya Diesel ilipata sifa kwa kupimwa kwa haki. Moshi mweusi unaotanda barabarani ni mafuta yasiyoungua sawasawa, yaani upotevu ule ule alioutolea maisha yake kuupiga vita.