Beryl Markham: Binti wa Njoro Aliyevuka Bahari

Atokaye Nakuru akashika njia ya Njoro kwenda Molo, hana budi kupita Elburgon, mji wa mbao, viazi na baridi inayomwingia mtu wa pwani hata mifupani. Yapata miaka mia iliyopita, msichana mmoja wa Kizungu alisafiri pande hizo juu ya mgongo wa farasi. Kwao kumekwisha kuuzwa, na mali yake haijazi mifuko miwili. Alikuwa akienda Molo kuanza kazi ya kufunza farasi wa mashindano, kazi ambayo siku zile ilikuwa ya wanaume watupu. Jina lake Beryl Clutterbuck. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la mumewe wa pili, Markham.

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Mamaye hakuyaweza maisha ya Njoro, akarejea Ulaya, akamwacha binti mikononi mwa baba. (Nasi tusisahau kwamba nchi ile chini ya msitu wa Mau ilikuwa na wenyewe, Waogiek na Wamaasai, kabla ya kugawiwa walowezi.) Shule hakudumu nayo. Alicheza na watoto wa wafanyakazi wa shamba, akajifunza Kiswahili, mikuki na uwindaji. Mmoja katika wenziwe hao, Kibii, alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta, akafuatana naye katika kazi miaka mingi. Ndege ilipochukua nafasi ya farasi, yeye naye alijifunza kuihudumia. Sifa zikaandikwa kwa jina moja tu. Waama, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Babake alikuwa na vinu vya unga na mashine za kupasulia mbao. Aliahidi kutoa unga kwa bei iliyokwisha kukatwa, kisha mvua ikakatika na bei ya nafaka ikapanda. Hakuvunja ahadi, bali ilimfilisi. Kufika 1920 au karibu yake, mzee alifunga safari ya Peru. Binti akabaki.

Hapa ndipo ninapopenda kutua kidogo, maana wengi wetu tungalikata tamaa. Yeye alipata leseni ya mkufunzi wa farasi kabla hajatimia miaka 20. Amesimulia katika kitabu chake jinsi mwenye farasi mmoja hodari alivyomwondoa mnyama huyo mikononi mwake, zikiwa zimesalia wiki chache tu kabla ya mashindano makuu ya St Leger, kwa kuogopa kumwachia msichana mdogo. Aliyebaki zizini ni farasi jike, Wise Child, mwenye kano mbovu za miguu. Hakumkimbiza kwa pupa. Alimpa mazoezi kwa kipimo, leo kidogo, kesho kidogo, akimchunga miguu kama yai. Mwaka 1926 Wise Child akashinda.

Tom Campbell Black ndiye aliyemfundisha urubani. Mwaka 1932 alirusha ndege peke yake hata Uingereza. Mwaka uliofuata akapata leseni ya kufanya kazi hiyo kwa malipo. Alibeba abiria na barua, akawatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Kazi hiyo ya mwisho mimi siisifu.

Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, akakabili Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni, bila ya redio. Shabaha yake ilikuwa New York. Baada ya saa 21 na dakika 25 mafuta yakagoma kuja, kwa kuwa tundu za hewa za tangi zilishikwa na barafu. Ndege ikachomeka pua katika kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, Kanada. Akatoka na jeraha la kichwa, akidhani ameshindwa. New York ilimpokea kwa shangwe, kwani hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka hivyo kutoka Uingereza peke yake. Furaha haikutimia mwezi: tarehe 19 Septemba mwalimu wake Campbell Black alikufa ajalini uwanjani Liverpool.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka 1942, kikasomwa kidogo kikasahauliwa. Wako wasemao mume wake wa tatu ndiye aliyekiandika. Mungu ndiye ajuaye. Baadaye alirudi Kenya, na kurudi kwake kulikuwa kurudi kwa farasi. Alishinda Derby ya Kenya mara kadhaa, akiamka alfajiri kama alivyofanya Molo. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 1983, kilimkuta Nairobi, ajuza mwenye mali chache, akiishi karibu na uwanja wa mbio na bado anafunza farasi. Safari hii kiliuzwa sana, na riziki ikamfikia uzeeni.

Alifariki tarehe 3 Agosti 1986, ukiwa umebaki mwezi mmoja tu kutimia miaka 50 ya safari ile.