Ibn Battuta na Mji wa Kilwa

Katika wasafiri waliopita pwani yetu kabla ya Mreno, hapana aliyetuachia habari za karibu kama Shekhe Abu Abdullah Muhammad bin Abdullah, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Ibn Battuta. Wengi wetu tulilisikia jina lake tungali wadogo, tukaambiwa alikuwa msafiri mkubwa, basi. Jambo tusiloambiwa ni kwamba bwana huyu alikuwa mchaguzi, mwepesi wa kuchukizwa, na kwamba mwanzo wa safari yake ya pwani ya Afrika haukuwa wa kumvutia hata kidogo.

Alizaliwa Tangier, nchi ya Moroko, tarehe 17 Rajab mwaka 703, sawasawa na 24 Februari 1304, katika ukoo wa makadhi. Akasomeshwa fikihi kwa madhehebu ya Imamu Malik. Alipotimia umri wa miaka 21, mwezi wa Rajab 725, yaani Juni 1325, alitoka kwao peke yake, hana mwenzi wala msafara, nia yake Hija. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimwuma sana. Akahiji mwaka 1326. Lakini hakurudi. Ilipita miaka 24 ndipo akaiona tena nchi yake.

Yafaa tuijue tabia yake. Alikuwa faqihi kabla ya kuwa msafiri. Akiingia mji, kwanza hutazama misikiti na kadhi na namna watu wanavyosali, kisha chakula, kisha mkono wa mfalme, uko wazi au umefumbwa. Bahili hakumsamehe. Mansa Suleiman wa Mali alimpelekea mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na maziwa ya mgando, na aibu yake tunaisoma mpaka leo. Uchina, pamoja na utajiri wake wote, ilimkera hata akawa hatoki nyumbani ila kwa dharura. Ni kweli kwamba alisifu miji mingi, lakini sifa zake hakuzigawa kama sadaka ya Ijumaa.

Mtu huyo ndiye aliyepanda jahazi Aden mwaka 1331, kwa hesabu ya wataalamu wengi, akavuka mpaka Zeila. Hapo akakuta mji mkubwa wenye soko kubwa, na uvundo usiosemeka: samaki kwa wingi, na damu ya ngamia wanaochinjwa vichochoroni. Bahari ilikuwa imechafuka siku ile. Hata hivyo aliona heri akalale chomboni, ayumbishwe na mawimbi usiku kucha, kuliko kulala nchi kavu ya Zeila. Basi huo ndio uliokuwa mlango wake wa kuingilia pwani ya Afrika.

Baada ya mwendo wa siku 15 alifika Mogadishu, na huko moyo ukaanza kumtulia. Alikirimiwa na Sultani Abu Bakar kwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na embe. Msomaji wa Lamu au wa Unguja hahitaji kufafanuliwa chakula hicho. Kilichomstaajabisha mgeni ni ulaji: mtu mmoja wa Mogadishu, aliona, hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini jicho la kadhi halikulala. Aliona watu wa dini, wenye kufuata Imamu Shafii, na misikiti yao ya miti iliyojengwa kwa ustadi. Kwenye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kifupi, kimoja au viwili, na kata ya mti yenye mpini wa kutekea maji. Watu walitembea miguu mitupu. Kabla ya kuingia huosha miguu, kisha hujipangusa juu ya jamvi gumu lililowekwa mlangoni. Tumkumbuke yule aliyekimbia uchafu wa Zeila, ndipo tufahamu kwa nini jamvi la mlangoni lilimkaa moyoni kiasi hicho.

Kisha akafika Kilwa, na Kilwa ikamshinda. Aliuweka mji ule miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa vizuri kabisa. Sultani wake alikuwa Hassan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa, na masharifu walikuja kutoka Hijazi na Iraki kupokea fungu lao. Siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha Sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Na Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akamwongeza fakiri watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kwenye kisa hicho kalamu yangu haina budi kusimama. Fungu la masharifu lilitoka katika khumsi ya ngawira, na ngawira ile ilitokana na vita juu ya watu wa bara wasiokuwa Waislamu. Waliotolewa kwa ukarimu ule walikuwa binadamu. Ibn Battuta aliyasimulia hayo bila kukunja uso, kama walivyofanya watu wengi wa zama zake. Sisi hatuwezi kuyasoma hivyo, na wala si haki kuyaficha ili Kilwa ing'are.

Lakini ushahidi wake una faida nyingine kubwa. Katika zama za ukoloni waliandika wengi kwamba miji yetu ni kazi ya wageni, na Mwafrika alikuwa humo mtumishi tu. Ibn Battuta, aliyeona kwa macho yake, anasema wengi wa watu wa Kilwa walikuwa Wazanji weusi sana, wenye chale usoni, na hao hao ndio anaowasifu kwa dini na wema.

Wako waliomtilia shaka, maana alisema nyumba zilikuwa za miti, na ilhali magofu ya mawe yapo: Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani Hassan lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, alilolifukua Neville Chittick miaka ya 1960. Huenda kumbukumbu ilimcheza. Kitabu chake kilikamilika mwaka 1355, alipomsimulia Ibn Juzayy kwa amri ya Sultani wa Fez, karibu robo karne baada ya safari hii. Naye alifariki mnamo 1368 au 1369.

Ila jambo moja lanishawishi kwamba Kilwa haikumtoka. Aliondoka kwa pepo za kusi kwenda Dhofar, akamwacha Sultani Hassan hai. Hata hivyo kitabuni anajua kwamba Sultani alikufa, akatawala nduguye Daud, mtu wa namna nyingine kabisa, ambaye mwombaji akimjia humjibu kwamba mtoaji ameshakufa, na kuwaweka wageni miezi mingi kabla ya kuwapa kidogo, mpaka wakakoma kuja. Hayo hakuyaona. Lazima aliyapata baadaye, huko ng'ambo, kwa kinywa cha baharia au tajiri aliyetoka pwani yetu, na mtu hapewi habari za ndani namna hiyo ila ameuliza.