Sertürner: Kijana wa duka la dawa aliyetupa mofini

WENGI wetu tukisikia kwamba mgonjwa wa saratani kaanzishiwa mofini pale Mbarara, huanza kununua sanda. Ndugu msomaji, tumjue kwanza aliyeigundua, ndipo tuamue kama ni ya kuogopwa.

Friedrich Sertürner alizaliwa Juni 19, 1783 huko Neuhaus, karibu na Paderborn, Ujerumani. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana, akapelekwa kujifunza kazi katika duka la dawa. Enzi hizo maumivu yalitulizwa kwa kasumba, lakini kasumba ya leo ilikuwa kali na ya kesho hafifu. Kipimo kilichompa mmoja usingizi kiliweza kumuua mwenzake.

Kati ya 1804 na 1805 kijana huyo alifanikiwa kuitenga nguvu ya kasumba ikawa chembe nyeupe zinazopimika kwa mizani. Aliwajaribia mbwa, wakalala. Wasomi hawakumjali, alikuwa mtoto wa dukani tu. (Sisi tuliosomea ukimbizini Nakivale dharau hiyo tunaifahamu.)

Hakukata tamaa. Baadaye alijijaribia mwenyewe pamoja na vijana watatu. Walimeza karibu miligramu 30. Nusu saa ikapita, wakaongeza 30. Dakika 15 tu, wakaongeza tena. Walilegea na kusinzia, karibu wazimie, hadi Sertürner alipowanywesha siki kali watapike. Habari hiyo aliichapisha 1817, na dawa akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Mwaka 1831 Wafaransa walimtunuku zawadi. Alifariki Februari 20, 1841 mjini Hameln.

Bomba la sindano hakuliona. Lilikuja 1853, kwa kazi ya Alexander Wood wa Edinburgh na Charles Pravaz wa Ufaransa, na hapo hatari ya kuongeza dozi kwa pupa ikawa kubwa zaidi. Miligramu 10 za sindano ni takriban sawa na 30 za kumeza. Ndiyo maana hakuna kukisia: aliyefunzwa ndiye anayepima, na dozi nyingine husubiri saa yake.

Hospisi ya Mbarara, iliyoanza 1998, imezoea kutoa mofini ya maji ya kunywa. Sindano humfaa zaidi asiyeweza kumeza au anayetapika. Sheria ya Uganda tangu 2004 inawaruhusu hata wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kwa mgonjwa wa Nakivale, aliye mbali na daktari, hilo si jambo dogo.

Anayemuuguza nyumbani aangalie pumzi. Mgonjwa akisinzia hata haamshiki, au akipumua polepole mno, asiongezewe. Muuguzi aitwe mara moja, kwani ipo dawa ya kuizima mofini, naloksoni. Pombe na dawa za usingizi zikae mbali. Choo kikifunga, aombe dawa ya kulainisha. Asiiache ghafla, wala asimgawie jirani mwenye mgongo.

Nanyi mnaovuka mpaka, hii ni dawa inayolindwa kisheria. Mgonjwa anayerejea nyumbani aombe barua ya daktari kabla ya safari, aulize pia masharti ya nchi anayoingia. Mfanyabiashara asikubali kumbebea mtu chupa mfukoni. Dawa ikibaki baada ya msiba, irudishwe ilikotoka.