Fleming: Mgunduzi wa penisilini aliyeonya mapema kuhusu usugu wa dawa

MKAZI wa Mji wa Kale, Mombasa, anayejinunulia vidonge vichache vya kuua bakteria kwa sababu ya maumivu ya koo, hutenda jambo lile lile ambalo Alexander Fleming alilihofia mwaka wa 1945.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield, Scotland, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Mary's, London. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alihudumu Ufaransa, ambako askari wengi walifariki kwa vidonda vilivyooza.

Septemba 1928, aliporejea kutoka likizoni, alikuta ukungu, kama uotao juu ya mkate mkuukuu, umeingia katika kisahani alimokuza bakteria. Bakteria waliokuwa karibu nao walikuwa wameangamia. Dutu iliyowaua akaiita penisilini.

Howard Florey na Ernst Chain wa Oxford ndio walioongoza kazi ya kuigeuza kuwa dawa, na mwaka wa 1945 watatu hao walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel.

Katika hotuba yake ya tuzo, Fleming alitoa mfano wa mtu aliyemeza penisilini haba, kisha akamwambukiza mkewe bakteria waliokwisha kuwa sugu. Mke akafariki.

Kiini cha onyo hilo ni ushindani. Nasaba mbalimbali za bakteria hugombea chakula na nafasi mwilini. Mara nyingi iliyo sugu hukua polepole, kwa kuwa usugu nao ni mzigo. Dawa inapowaua wapinzani wake, hurithi uwanja wote.

Utafiti uliochapishwa 2012 kuhusu salmonela wanaoingia damuni, uliohusisha sampuli za mataifa kadhaa ya Afrika, Kenya ikiwemo, uliashiria hayo. Nasaba iliyozuka takriban mwaka wa 1960 ilisukumwa kando na nyingine iliyozuka takriban 1977, ambayo ilikuwa sugu kwa dawa ya kloramfenikoli.

Fleming alifariki London Machi 11, 1955, akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's.

Onyo lake halijazeeka. Katika vichochoro vya Ndia Kuu na Kibokoni, ambako nyumba zimebanana, dozi iliyokatizwa na mmoja yaweza kulipiwa na jirani.