Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto wetu

Mtoto wa ami yangu alifariki mwaka wa 1988, akiwa na umri wa miaka sita. Mimi nilikuwa nimemzidi mwaka mmoja. Ilianza kwa jino kulegea. Kisha shavu likafura, nyanya akalikanda kwa majani ya moto, na jirani akasema ni kijicho. Alipopelekwa zahanati aling'olewa jino, na jino lenyewe lilitoka zima, halina tundu wala weusi. Shavu halikurudi. Wiki chache baadaye jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje, na kabla mwezi wa pili haujaisha tulimzika. Kwetu husemwa mpaka leo kwamba alikufa kwa jino.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Siku moja nikiwa kwenye semina ya waandishi wa habari za afya, daktari mmoja aliweka ukutani picha ya mtoto mwenye shavu lililofura na meno yaliyosambaa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilimjua yule mtoto, ingawa hakuwa yeye. Daktari akataja jina la ugonjwa: limfoma ya Burkitt. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya mtu aliyebeba jina hilo, na leo nataka kuwahadithia.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babaye alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, lakini jina lake limebaki kwa sababu ya ndege. Mzee huyo aliwavisha pete za miguuni ndege wadogo wa bustanini mwake, akachora ramani kuonyesha kila mmoja anaishi wapi na mpaka wake uko wapi. Naomba msomaji aiweke akilini habari hiyo ya ramani, maana mtoto wa nyoka ni nyoka.

Akiwa na miaka kumi na mmoja, Denis alipigwa jiwe na watoto wa shule, miwani ikavunjika na jicho la kulia likapotea. Alikwenda Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama babaye, akabadilisha njia akaingia udaktari na kuhitimu mwaka wa 1935. Akawa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika Magharibi, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita vikuu vya pili ndivyo vilivyomleta huku kwetu: aliingia jeshini mwaka wa 1941 na akatumikia Kenya na Somalia. Kenya haikuwa ngeni kwa ukoo wake, kwani ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji Nairobi tangu mji ule ungali wa mabati, naye alivuma kwa kuwatibu wenye homa kwa maji baridi. Denis alikuwa Mkristo wa kushika dini yake kwelikweli, na aliamini kwamba Mungu ndiye aliyempangia Afrika. Tusiokuwa wa dini yake tunaweza kuliacha hilo kati yake na Mola wake, lakini bila hilo hatuwezi kuelewa kwa nini mtu wa namna ile alikaa miaka karibu ishirini katika hospitali zisizokuwa na vifaa.

Vita vilipokwisha, mwaka wa 1946, alipelekwa Uganda, katika mji wa Lira, nchi ya Walango. Huko alifanya operesheni nyingi za mabusha. Ugonjwa huo sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Burkitt aliona jambo ambalo wenzake hawakulijali: wagonjwa wake wengi walitoka mashariki ya wilaya na wachache sana magharibi. Akaandika makala juu yake mwaka wa 1951. Sababu ilifahamika baadaye kuwa ni minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, na mbu hawaishi kila mahali sawasawa. Ndiyo ramani ya kwanza ya mtoto wa mchora ramani.

Kufikia hapo alikuwa amehamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago. Mwaka wa 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zote mbili zilikuwa zimefura, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni nini. Usaha kwenye mfupa huwa mahali pamoja, na saratani ya kawaida huanzia upande mmoja. Hii ilikuwa pembe nne kwa mara moja. Alipiga picha, akashindwa kumsaidia, mtoto akaenda zake. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akatupa jicho lake moja dirishani, akamwona mama amekaa majanini na mtoto mwenye uso uleule. Akatoka mbio. Mtoto huyo, mbali na taya, alikuwa na uvimbe tumboni pia. Mara ya kwanza ni ajabu tu, lakini mara ya pili humfanya daktari mwenye akili aanze kufungua mafaili.

Alifungua kweli. Katika kumbukumbu za Mulago na za hospitali nyingine aliwakuta watoto wengi, kila mmoja ameandikiwa jina la ugonjwa tofauti kulingana na mahali uvimbe ulipotokea: taya, figo, ini, jicho. Burkitt akasema huu ni ugonjwa mmoja. Makala yake ilitoka Uingereza mwaka wa 1958 katika jarida la madaktari wa upasuaji, na wachache waliisoma. Haki itendeke hapa. Yeye hakuwa wa kwanza kuiona, kwani Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa na michoro ya watoto kama hao miongo mingi nyuma. Wala hakulielewa vizuri alichokiona. Aliudhania ni saratani ya nyama za mwili, na ni wataalamu wa maabara wa Makerere, Gregory O'Conor na Jack Davies, waliotambua kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Jina limebaki lake. Mara nyingi majina hukaa kwa wale waliokataa kunyamaza.

Ndipo akauliza swali la babaye: ugonjwa unaishi wapi? Kwa msaada mdogo wa fedha, paundi chache tu, alichapisha karatasi zenye picha na kuzituma katika hospitali za Afrika nzima. Majibu yaliporudi alibandika pini kwenye ramani, na pini zikafanya mshipi unaokatiza katikati ya bara, wenye mkia unaoteremka upande wa mashariki. Kwa nini mkia ule unaishia pale unapoishia? Mwaka wa 1961, mwezi wa Oktoba, alinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa paundi 250, akawachukua madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson, wakafunga safari kutoka Kampala kuelekea kusini. Walisafiri majuma kumi, maili 10,000, ambazo ni kilomita 16,000 hivi, wakapitia hospitali karibu 60 hadi Afrika Kusini. Kila walipofika, Burkitt alitoa picha zake na kuuliza kama wamewahi kumwona mtoto wa namna hii. Penye jibu la ndiyo alitia alama, penye jibu la hapana alitia alama vilevile. Mimi hupenda zaidi zile za hapana. Ni nani miongoni mwetu angesafiri mamia ya maili ili aambiwe hakuna, na akarudi garini ameridhika?

Ramani ilipokamilika ilisema hivi: ugonjwa haupandi milima mirefu, na hauko penye baridi wala penye ukame mkali. Mwanzo alidhani ni urefu wa ardhi, baadaye akaona ni joto na mvua. Hapa Kenya ulionekana kandokando ya ziwa la Viktoria na hapa Pwani, si nyanda za juu. Joto na mvua maana yake ni mbu, na mbu ni malaria. Watafiti waliomfuata wakaliona hilo: mtoto anayeumwa malaria mwaka nenda mwaka rudi, kinga ya mwili wake huchoka, na kuna kirusi kinachongoja uchovu huo.

Kirusi hicho nacho kina kisa. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya ile safari, Burkitt alikuwa London akihutubia katika hospitali ya Middlesex. Kati ya wasikilizaji alikuwemo kijana mtafiti, Anthony Epstein, na kabla hotuba haijaisha alikwisha kuwaza kwamba saratani inayofuata hali ya hewa lazima iwe na kijidudu ndani yake. Wakakubaliana. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na Epstein hakupata kitu. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikateremka Manchester, na chupa ikafika jioni, maji yake yameingia wingu kama yaliyooza. Mwingine angeimwaga. Epstein akatazama kwa hadubini na kuona chembe za saratani zikielea, hai. Februari 1964, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, walikiona kirusi. Ni cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Karibu sote tumekibeba tangu utotoni, hupita kwa mate, na wengi hakiwadhuru chochote.

Sasa matibabu, ambayo kwangu ndiyo moyo wa habari. Kisu hakikufaa, kwa sababu huwezi kukata taya zote za mtoto, na uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mashine ya mionzi Mulago haikuwapo. Zilikuwako dawa tu, nazo zilikuwa changa, na Burkitt alizipata kwa kuandika barua na kuomba. Methotrexate imeundwa ifanane na asidi foliki, kile kidonge ambacho kina mama wajawazito hupewa kliniki. Chembe inayokua kwa pupa huila ikidhani ni chakula, nayo hukwama kooni. Cyclophosphamide ni jamaa ya gesi ya sumu ya vita. Wanakemia wa Ujerumani waliifunga kamba ili ilale mpaka ini liiamshe, kisha hunasa nyuzi za urithi za chembe zisiweze kufunguka. Vincristine huvunja kamba ndogo ambazo chembe huzitumia kujigawa mara mbili.

Uvimbe uliokimbia kuliko saratani zote ulikimbia vilevile kurudi nyuma. Ndani ya siku chache uso wa mtoto ulirudi uso. Burkitt, ambaye hakuwa mtaalamu wa saratani, aliwapa watoto dozi chache tu, kwa sababu dawa ilikuwa haba na wazazi wengi waliwachukua watoto wao nyumbani mapema. Baadhi hawakurudi wodini tena, naye akadhani wamekufa. Miaka ikapita, akawakuta wazima, wanasoma shule. Si wote, wala si wengi, na katika wodi ile walikufa watoto wengi pia. Lakini wakati ule kumponya mtu saratani kwa dawa peke yake kulikuwa jambo la kubishaniwa, na ushahidi ukatoka kwa watoto wa Uganda. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Nyakati zake za mwisho nitazipita haraka. Alirudi Uingereza katikati ya miaka ya 60, akashikwa na hoja ya nyuzinyuzi za chakula, kwamba wazungu wanaumwa matumbo kwa sababu ya mkate mweupe na sukari, ilhali Waafrika wanaokula nafaka isiyokobolewa wamesalimika. Aliwauliza madaktari wa dunia nzima uzito wa choo cha wagonjwa wao, bila haya. Nafikiri hapo alivuka kidogo alichoweza kukithibitisha, ingawa nikiangalia mahamri na soda tunavyovila leo siwezi kumcheka. Alifariki Gloucester tarehe 23 Machi 1993, ana miaka 82.

Leo, kwenye nchi zenye uwezo, zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Kwetu idadi huwa chini sana, na sababu mojawapo ni siku zinazopotea kwenye jino. Mzazi anayesoma hapa: meno ya mtoto yakilegea kabla ya wakati wake, na shavu au tumbo likifura kwa siku chache tu, usikubali kuondoka hospitali bila kuuliza kama kipande kimekatwa kikapelekwa maabara. Mwulize daktari, hata akikunja uso.

Vincristine hutolewa kwenye mmea mdogo wa asili ya Madagaska, wenye maua ya waridi na meupe, unaoota wenyewe kwenye mchanga na kandokando ya kuta zetu. Kwenye makaburi ya mtaa wetu umejaa. Mwezi uliopita nilikwenda kulisafisha kaburi la mtoto wa ami yangu, nikayakuta maua hayo yameota pembeni mwa jiwe lake. Siku alipong'olewa lile jino, dawa hiyo ilikuwa imetumika kwa miaka ishirini na mitano.