Siti binti Saad: muuza vyungu aliyeimba Kiswahili hadi Bombay

Baada ya kipindi chetu cha nyimbo za zamani tulipokea ujumbe kutoka Chiungutwa. Msikilizaji alitaka kujua ni nani alitangulia kuimba Kiswahili kwenye sahani za santuri, kabla ya bendi za dansi na kabla ya redio. Kwa upande wa wanawake wa Afrika Mashariki jibu ni moja, Siti binti Saad wa Unguja. Kwa dakika chache za hewani tulimtaja tu jina. Hapa tunamweleza kwa nafasi, kwa kuwa maisha yake yanagusana na historia ya huku kwetu kuliko wengi wanavyodhani.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880. Hakupewa jina la Siti. Aliitwa Mtumwa, na jina hilo lilikuwa na maana yake ile ile tunayoijua. Wazazi wake walikuwa watu wa bara waliokuwa chini ya utumwa Unguja. Soko kubwa la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko hakukuwa kumwachia mtu aliyekwisha nunuliwa. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria kisiwani hadi mwaka 1897, Mtumwa akiwa tayari msichana mkubwa.

Wasikilizaji wa Masasi na Newala hawahitaji kuelezwa sana habari hiyo. Njia za misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa zilipita nchi ya Wayao na Wamakua kwenda Kilwa na Lindi, na kutoka pwani majahazi yakavusha watu hadi Unguja. Wachache walirudi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kupitia Lindi, na wakaanzisha makazi Masasi. Kwa hiyo zipo familia hapa ambazo bibi zao waliijua Unguja ile ile aliyozaliwa Siti, wakaiacha yeye akiwa bado hajazaliwa au ndiyo kwanza anazaliwa.

Kule Fumba mama yake alifinyanga vyungu. Kazi ya binti ilikuwa kuvibeba kichwani kwa miguu na kwenda kuviuza, hadi mjini. Muuza chungu hupaza sauti ili mtu aliye ndani ya nyumba ajue kwamba bidhaa inapita, na binti huyu alikuwa na sauti iliyofika mbali. Aliolewa, akapata mtoto, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 akahamia mjini, akiwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, hana mume wala hajui kusoma.

Tunaomba msikilizaji akae kidogo na umri huo. Siku hizi msanii wa miaka thelathini ambaye hajatoa wimbo huambiwa muda umempita.

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Yeye ndiye aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala, na alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti. Taarab wakati huo ilikuwa burudani ya wenye nacho. Iliingia Unguja kwa mlango wa jumba la Sultani, ikaimbwa Kiarabu, ikaimbwa na wanaume, na wengi waliokuwa wakiisikia kupitia dirishani hawakuelewa kinachosemwa. Siti aliiimba Kiarabu pia alipotakiwa, na aliitwa kuimba mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub. Lakini jambo lililomtenga na waliomtangulia ni kuiingiza taarab katika Kiswahili cha mtaani, kile cha soko na kisimani.

Jina lilibadilika pia katika miaka hiyo. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Hakuwa peke yake. Watu wengi waliotoka utumwani Unguja walijipa majina mapya, na wanawake waliacha kaniki na merikani, nguo za kazi za mtumwa, wakavaa kanga. Nani alianza kumwita Siti ni jambo linalosimuliwa kwa njia tofauti. Sisi tunaona lenye uzito ni kwamba mji mzima ulikubali kulitumia, hata wale ambao miaka michache kabla wangemwita kwa jina la kwanza bila kufikiri.

Si wote waliofurahi. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumsimanga, kwamba ametoka shamba, alikuwa akitembeza vyungu, na sura yake si ya kutazamwa. Alijibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi ya taarab, akiwaelekeza watu watazame akili na adabu ya mtu. Wimbo wake ulidumu na zile za wapinzani zimesahauliwa.

Alikuwa na wenzake, na si haki kumsimulia kana kwamba alikuwa peke yake. Subeti bin Ambar, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban walipiga ala, walitunga na waliimba naye. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa mji waliokaa wafanyakazi, wavuvi, wachukuzi na watu waliotoka utumwani. Jioni watu walikusanyika hapo kusikiliza mazoezi, na mazoezi yalichanganyika na mazungumzo: kesi iliyoamuliwa siku hiyo, karani aliyeiba, mume aliyepiga mke, kodi ya ardhi. Yaliyozungumzwa jioni yaliweza kuwa wimbo. Wanawake wetu wanaoimba unyago wataitambua kazi hiyo, maana huko nako jambo ambalo halisemwi mchana mbele ya wakubwa huimbwa, na kila mhusika hujijua.

Wimbo wake unaojulikana zaidi kwa jambo hili unaitwa Kijiti, kwa jina la mwanamume. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam alichukuliwa usiku kwenda ngomani, akauawa. Mwanamume aliyetuhumiwa alitoroka akavuka kwenda bara. Mahakama ya wakoloni ikawatia hatiani wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu. Siti na wenzake waliichukua habari hiyo na kuiimba kama watu wa Ng'ambo walivyoiona, kwamba mkosaji amekwenda zake na walioadhibiwa ni wengine. Sisi tunaofanya kazi ya utangazaji tunajua gharama ya kutaja jina la mtu katika kesi. Yeye alilitaja, tena ndilo likawa jina la wimbo, na mwaka 1928 likachapwa kwenye sahani.

Mwaka huo kampuni ya gramafoni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza baragumu, ilimsafirisha Siti na kikundi chake kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mwaka uliofuata walirudi tena. Nyimbo walizorekodi katika miaka hiyo michache zinahesabiwa kupita 250. Kampuni iliona biashara, kwa sababu sahani hizo zilinunuliwa Unguja, pwani nzima na bara. Mmoja alinunua, mtaa mzima ukasikiliza. Hoteli ya chai yenye gramafoni ilijaza wateja, na mtu asiyejua Kiarabu alisikia kwa mara ya kwanza mashine ikisema naye kwa lugha yake.

Huo ndio msingi wa heshima yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu wa Ng'ambo na wa shamba. Kilipotoka kwenye mashine ya bei kubwa kutoka Ulaya, kimeimbwa na binti wa watumwa, ilikuwa vigumu tena kumwambia msemaji wake kwamba lugha hiyo haifai muziki wa wastaarabu.

Aliimba kwa karibu miaka arobaini. Katika miezi ya mwisho ya maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, mwandishi ambaye asili yake mwenyewe ni Wayao, watu wa huku kusini. Akamsikiliza, kisha akaandika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Mengi tunayoyajua leo kuhusu utoto wake yametoka humo. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwaka uliofuata, 1951, redio ya kwanza ya Tanganyika ikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Tunaumia kidogo kila tukiandika tarehe hizo mbili. Mwaka mmoja tu, na pengine tungekuwa na sauti yake akihojiwa.

Heshima zilimjia akiwa kaburini. Chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akabeba nyimbo zake pamoja na ngoma za unyago katika majukwaa ya dunia, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kwa kazi ya maisha yake yote. Alifariki Aprili 2013.

Tulipozicheza rekodi za Siti kwa simu mbele ya akina mama waliokuwa wakibangua korosho, bibi mmoja aliuliza kama mvua inanyesha huko wanakoimba. Ni mkwaruzo wa sahani ya zamani. Atakayetafuta kwenye simu aandike jina lake kamili, asikilize kwa mara ya kwanza bila kukata tamaa kwa mvua hiyo, kisha arudie. Kwa mara ya pili maneno huanza kutoka. Haitakula bando kubwa, kwa kuwa kila wimbo ni wa dakika tatu hivi tu. Upande mmoja wa sahani haukuweza kubeba zaidi ya hapo.